UZI: Wilaya zinanunua hesabu zilizokwishapangwa hadi neno la mwisho. Mwalimu anabakiwa na kazi gani?

Fundi Chaki (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika skuli moja ya msingi Kaskazini Pemba. Nasomesha darasa la tatu na la nne. Kwa muda nimekuwa nikifuatilia mjadala wa walimu wenzetu wa Marekani kuhusu programu za hesabu zinazonunuliwa na wilaya zao, na kila nikisoma naona yanayowakuta wao yameshabisha hodi kwetu. Naomba tuyazungumze kwa kina, maana wanaosomeshwa ni watoto wetu.

Kwa asiyejua mambo ya kule: Marekani haina mtaala mmoja wa taifa zima. Wilaya za elimu zinapita 13,000, na kwa kawaida kila moja ina bodi yake inayoamua vitabu gani vinunuliwe. Zinachonunua siku hizi si kitabu tu, ni seti nzima: kitabu cha mwanafunzi, kiongozi cha mwalimu, karatasi za mazoezi, majaribio, mazoezi ya kompyuta, na kalenda inayokwambia siku fulani uwe umefika kipindi fulani. Wilaya ikishalipa, mwalimu anatakiwa aifuate kama ilivyo.

Tizameni jiji la New York, lenye wanafunzi wanaokaribia laki tisa. Mwaka 2003 uongozi wa jiji ulichagua Everyday Mathematics, iliyotungwa Chuo Kikuu cha Chicago, itumike karibu katika skuli zake zote za msingi. Programu ile haikai juu ya mada moja mpaka iishe. Inaigusa, inaondoka, inairudia baadaye. Mwaka 2024 jiji lile lile likatangaza mpango mwengine, NYC Solves, na kuwapa walimu wa aljebra wa sekondari programu ya Illustrative Mathematics. Hii inaanza na swali, watoto wajaribu wenyewe, halafu wajadiliane. Njia mbili tafauti kabisa, miaka 21 baina yake, lakini agizo kwa mwalimu ni lile lile: fungua ukurasa huu, leo, nyote. Na walimu wa kule wamelalamika hadharani kwamba mwendo ni wa kasi na watoto waliobaki nyuma hawasubiriwi.

Sasa tuje nyumbani. Sisi mtaala ni mmoja na unatoka Taasisi ya Elimu Zanzibar, kwa hiyo hatuna bodi za wilaya za kununua vitabu. Ila miradi tunayo. Skuli yetu iliwahi kutiwa katika majaribio ya mradi mmoja, sitautaja kwa jina. Tukapewa kiongozi kilichoandikwa kila tutakachokisema na kila watoto watakachojibu. Azimio la kazi limo, andalio la somo limo, mwalimu kazi yake ni kusoma.

Nikupeni kipindi kimoja, darasa la tatu, kutoa kwa kukopa. Kiongozi kinasema: "Uliza: mbili haitoshi kutoa saba, tunafanya nini? Wanafunzi: Tunakopa!" Basi darasa la watoto zaidi ya sitini linaitikia "Tunakopa!" mpaka mwalimu wa chumba cha pili anachungulia. Ukisikia sauti ile utasema somo limeingia.

Nikapita baina ya madeski. Mtoto mmoja, hodari wa kuitikia, ameandika 52 – 27 = 35. Chini yake 63 – 28 = 45. Chini yake 71 – 46 = 35. Nikamuuliza, hebu nambie hii ya kwanza umeifanyaje. Akanijibu bila ya wasiwasi: "Mbili ndogo, saba kubwa, kwa hiyo nimetoa mbili kwenye saba, tano. Halafu tano toa mbili, tatu."

Mtoto huyu hakubahatisha. Ana kanuni yake, anaitumia kila mara, na haijamwangusha: daima anatoa ndogo kwenye kubwa, popote zilipo. Kiongozi kinasema mtoto akikosea, "rudia mfano ubaoni." Ningeurudia mara kumi angeitikia "Tunakopa" mara kumi, kisha akarudi kwenye buku lake akafanya kwa kanuni yake. Hajui kwamba mfano wa ubaoni unaipinga, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Lililoniuma zaidi ni jaribio la mwisho wa mada. Lina maswali ya kukopa na yasiyo ya kukopa, yamechanganywa. Katika 58 – 23 mtoto huyu anapata 35, na ni sahihi. Kwa hiyo amepata zaidi ya nusu, fomu ya mradi ikamwandika amefaulu, kalenda ikatupeleka mada nyengine. Mtoto wa namna hii akifika darasa la nne ukampa swali la chenji, ametoa shilingi 1,000 kununua kitu cha 650, atakuandikia arudishiwe 1,650. Fuateni kanuni yake tarakimu kwa tarakimu mutaona hakuna alipoteleza.

Siku ile niliifunga fomu. Nikawatuma watoto wenye chelewa za ufagio majumbani kwao wazilete kesho yake, tukazifunga kumi kumi kwa ukindu. Mafungu matano na chelewa mbili. Nikamwita yule yule: nipe ishirini na saba. Akanipa mafungu mawili bila tabu. Alipotaka kunipa saba akatizama zile mbili zilizo peke yake, akatizama mafungu, akanitizama mimi. Nikanyamaza. Mwenzake mmoja akapiga kelele "fungua!", akafungua fungu moja, akahesabu, akanipa saba, akabaki na ishirini na tano. Halafu akenda mwenyewe kwenye buku lake akaifuta ile 35.

Kalenda yangu ikachelewa. Msimamizi wa mradi alipokuja akaniandika kuwa "sifuati."

Ndio maana nauliza. Programu inaweza kunipa mfano mzuri, mpangilio mzuri, mazoezi mazuri, na mimi nitashukuru. Lakini kumsikiliza mtoto anavyofikiri na kubadilisha somo kwa alichokisema, hilo ndilo somo lenyewe. Wilaya au mradi ukininyima ruhusa ya kusimama, umeninyima kusomesha. Munaonaje?

Mzazi wa Konde

Waalaykumsalaam mwalimu. Nimekusoma na nimekuelewa, lakini niruhusu niseme la wazazi. Wewe unajua kufunga chelewa. Mwanangu mwaka jana alikuwa na mwalimu ambaye hesabu anaandika ubaoni, anatoka nje, anarudi kusahihisha. Buku zima tiki na mikato, hakuna hata neno moja. Mwalimu kama huyo si bora apewe kitabu kinachomwambia la kusema? Angalau mtoto asikie maneno.

Mwalimu Kijana

Namuunga mkono mzazi. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, sikusomea Hisabati, nimesomea lugha. Nilipopangiwa hesabu za darasa la nne kwa sababu hakuna mtu, nilikuwa nalala nikiwaza kesho nitasimama na nini. Nilipopata kiongozi chenye kila kitu ndani yake nilishusha pumzi. Sehemu za namba nilizielewa mimi mwenyewe kupitia kile kitabu. Tafadhali kaka, musiwavunje moyo wanaotusaidia.

Fundi Chaki

Mzazi wa Konde, na wewe mwalimu mwenzangu, sina ugomvi na nyinyi. Na ushahidi upo upande wenu, lazima niuseme. Marekani walifanya utafiti mkubwa sana, Project Follow Through, ulioanza 1968. Ulilinganisha njia nyingi za kusomesha watoto wa familia maskini, na iliyoongoza katika stadi za msingi ilikuwa Direct Instruction, ambayo mwalimu anafuata maneno yaliyoandikwa. Jirani zetu Kenya, skuli za binafsi za Bridge zilikuwa zikimpa mwalimu somo zima kwenye kishikwambi, na utafiti uliotoka 2022 ukaonesha watoto wake walikuwa mbele ya wenzao kwa umbali wa kutosha. Watu wanazibishia skuli zile kwa mambo mengi, ada na mishahara, lakini matokeo hayo sitoyaficha kwa sababu tu hayanifurahishi.

Kwa hiyo mwalimu ambaye hana kitu, kitabu kamili kitamnyanyua. Nakubali bila kigugumizi. Suala langu ni baada ya hapo. Mwalimu Kijana, wewe sasa umeshazielewa sehemu. Mwakani utakuwa unazijua zaidi. Je, kiongozi kitakuruhusu ukue? Cha kwetu hakikuwa na mahali palipoandikwa "ukiona watoto wanafanya hivi, simama hapa, fanya vile." Hakikuorodhesha hata makosa ya kawaida ambayo kila mwalimu wa darasa la tatu anayajua. Mwandishi aliyewahi kukaa na watoto asingeiacha ile ya ndogo kwenye kubwa.

Halafu mifano. Mada ya sehemu ilikuja na picha ya keki ya mviringo iliyokatwa vipande vinane. Watoto wa kwetu keki wanaijua, siku za harusi na sikukuu, lakini hawaikati wao. Wanachokipima kwa mikono yao ni karafuu. Mtoto wa Micheweni au Wete aliyekwenda shamba msimu wa karafuu na wazee wake anajua mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Muulize: kibaba ni kiasi gani cha pishi? Atakwambia robo kabla hujaandika kitu ubaoni. Muulize vibaba sita ni pishi ngapi. Atakwambia moja na nusu. Hapo umeshaingia kwenye sehemu iliyozidi moja, mada ambayo ile keki inahangaika nayo, kwa sababu vipande kumi na mbili vya keki ya vipande vinane mtoto anauliza keki ya pili imetoka wapi.

Sisemi kila mfano uwe wa karafuu. Mtoto wa Pemba ana haki ya kuyajua ya dunia. Ila niachieni mlango nichague wa kuanzia.

Mswahili wa Tanga

Ndugu zangu wa visiwani, salaam kutoka ng'ambo. Nakumbuka huku Tanga kulifanyika yale majaribio ya Global Learning XPRIZE, shindano la kutunga programu za kumsomesha mtoto bila mwalimu, vijiji karibu 170, watoto wasiokwenda skuli wakapewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu. Washindi walitangazwa 2019, wakawa wawili, onebillion na Kitkit School. Pale mtoto hakimbizwi na kalenda ya mtu. Akikosea anabaki pale pale mpaka apate. Sasa mwalimu, hoja yako ya kusubiriwa si inajibiwa na mashine?

Fundi Chaki

Umenipa swali zito, ahsante.

Kwa mtoto ambaye hana skuli wala mwalimu, kile kishikwambi ni kheri tupu na sina la kusema. Kwa mtoto aliye darasani nauliza kitu kimoja: mashine inasubiri nini? Ikiwa inasubiri jibu liwe sahihi, yule mtoto wa 35 atajaribu namba mpaka ipite, au atapewa maswali mepesi yasiyo ya kukopa apate alama zake. Ikiwa mtunzi wake amefikiri, ametenganisha alama za kukopa na zisizo za kukopa, na ameandika ndani yake kwamba anayejibu 35 kwa 52 – 27 ana kanuni fulani kichwani, basi mashine hiyo imenizidi hata mimi ninapokuwa na watoto sitini na kitu. Nitaipokea kwa mikono miwili.

Na hili ningewaomba wanaotunga seti zote, za karatasi na za kioo. Muchague maswali ya majaribio ili kosa lijioneshe. Musichanganye 58 – 23 na 52 – 27 kisha mukajumlisha alama. Wekeni alama mbili. Hata mwalimu mgeni kama ndugu yetu hapo juu akiona mtoto kapata zote za upande mmoja na hakupata hata moja upande wa pili, ataelewa kuna kitu. Haigharimu senti moja zaidi.

Bi Mkubwa wa Redioni

Mwanangu Fundi Chaki, haya si mageni Zanzibar. Wadogo hamkumbuki, mwaka 2006 ulianza mradi wa RISE, fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, ukiendeshwa na EDC, shirika la elimu la huko huko, pamoja na Wizara yetu. Kulikuwa na vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Watoto wadogo wanakusanywa kijijini, hata pale pasipo na skuli ya maandalizi, anakaa nao mtu wa pale pale kijijini, redio inawaimbisha na kuwahesabisha. Redio inauliza, inanyamaza kidogo watoto wajibu, halafu inaendelea. Watoto wakichangamka mpaka raha. Hilo lilikuwa somo lililoandikwa hadi neno la mwisho na hatukuona ubaya.

Fundi Chaki

Shikamoo Bi Mkubwa. Nayakumbuka, na walioanzia kwenye vipindi vile wakifika darasa la kwanza hawaogopi kujibu.

Ila umekitaja wewe mwenyewe kile kimya. Redio inanyamaza, mtoto anajibu, redio inaendelea, na jibu lolote lile redio inaendelea vile vile. Haina njia nyengine. Ndiyo maana pale alikaa mtu wa kijijini, amsogelee mtoto aliyetoa vidole vitatu badala ya vinne. Mtu yule alikuwa nusu ya mradi. Ninachokiogopa ni seti zinazomgeuza mwalimu wa darasani awe redio, naye anyamaze kidogo kisha aendelee.

Kwa watoto wa maandalizi madhara ni madogo, watarudi tena kwenye namba zile zile. Darasa la nne hali si hiyo. Sera yetu ya elimu ya 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto anayevuka pale na kanuni yake ya siri anakwenda kukutana na hesabu ngumu zaidi katika lugha ambayo hawezi kumweleza mwalimu alivyofikiri. Akiulizwa atanyamaza. Nafasi ya kumsikia ni hii tuliyonayo sisi wa madarasa ya chini, na ndiyo kalenda inayoikimbiza.

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma yote kimya kimya. Mwalimu, unasema vizuri, lakini nimekagua skuli Unguja na Pemba kwa miaka mingi, na nakwambia kwa kila mmoja anayefunga chelewa wapo kadhaa ambao wakiambiwa "una uhuru wa kusimama" watasimama mpaka mwezi wa kumi na moja, nusu ya silabasi haijaguswa. Mtihani unakuja, watoto wanakutana na mada hawajawahi kuzisikia. Kalenda ile unayoilaumu ndiyo inayomlinda mtoto wa mwalimu mzembe. Ukiiondoa, mkaguzi akija aangalie nini?

Fundi Chaki

Mzee wangu, heshima yako. Hili ndilo swali nililokuwa nikilisubiri, na sisemi kalenda iondoke.

Nasema ipungue. Wiki ya Hisabati ina vipindi kadhaa. Kimoja kiachwe wazi, kisiandikwe ukurasa. Mwalimu akitumie kwa kosa aliloliona wiki ile, na aandike kwenye andalio kosa gani, la watoto gani, amefanya nini. Asiyekuwa na la kuandika ataonekana. Mzembe hawezi kuficha kipindi kitupu kila wiki, lakini kwenye kalenda iliyojaa anajificha vizuri sana, kwa sababu anasoma ukurasa, anatia tiki, anakwenda zake. Wewe mwenyewe umewahi kukuta fomu zimejaa na watoto hawajui.

Na mkaguzi akija aanze na mabuku ya watoto, andalio baadaye. Achukue buku moja la katikati ya darasa, si la hodari alilokabidhiwa mlangoni. Amwite mtoto mwenyewe, amwambie nieleze hii umeifanyaje. Watoto watatu, dakika kumi. Atajua zaidi ya fomu yoyote.

Jengine ni mikutano yetu ya vituo vya walimu. Tukienda tunapewa semina ya namna ya kujaza vitu vya mradi. Nataka siku moja tukae walimu wa darasa la tatu na la nne tu, kila mmoja aje na mabuku matatu yenye makosa, tuyapange mezani. Tukitoka pale tuna orodha ya makosa ya watoto wa Pemba, imeandikwa na walimu wa Pemba, na mradi wowote utakaokuja tuuambie: hii hapa, kiongozi chenu kinasema nini juu ya haya?

Mkaguzi Mstaafu

Kipindi kimoja wazi na sababu iandikwe. Hilo ningelikubali enzi zangu. Kama bado tungekuwa kazini ningekuombea ufanye skuli mbili tatu kwanza, na mwalimu mkuu awe anajua, usibebe lawama peke yako.

Mzazi wa Konde

Mwalimu, naomba unisaidie kitu. Hayo maswali ya kukopa na yasiyo ya kukopa, yaweke hapa nimpe mwanangu leo usiku nione yuko upande gani.

Fundi Chaki

Mzazi, chukua haya. Usimwambie lipi ni la aina gani.

47 – 25
52 – 27
86 – 34
63 – 28
95 – 61
71 – 46
80 – 36
1,000 – 650

Akimaliza usimsahihishe kwanza. Ya pili, ya nne, ya sita na ya saba ndizo za kukopa, na ya mwisho pia, ila hiyo nitaisema peke yake. Angalia kama kaandika 35, 45, 35 na 56. Akiandika hivyo, mwambie akueleze alivyofanya, msikilize mpaka amalize, kisha tafuta chelewa. Ya mwisho muache aifanye kwa pesa kabla ya kuiandika. Ukiona jengine nisilolitaja hapa, njoo utuwekee, na mtutajie ni darasa la ngapi.